Mtaa Uliompenda Bwana Volti

Betri namba tano ilikuwa imemdharau Bwana Volti tena. Jana jioni aliiacha imeshiba. Asubuhi hii, alipofyonza maji yake kwa kipimo cha kioo, boya lilizama hadi kwenye rangi nyekundu. Zile saba nyingine za umeme wake wa jua nazo hazikutaka kuachwa nyuma.

Mtu angedhani nyumba hiyo inaendesha kiwanda. Bwana Volti, mstaafu wa shirika la simu aliyefiwa na mke, alikuwa na taa moja na redio moja, na redio yenyewe huifungulia taarifa ya habari tu. Friji alilikataza kabla halijavuka mlango. Binti yake akija kumtembelea, huchaji simu kwa kuomba ruhusa. Betri nane kwa taa moja ni sawa na kufuga ng'ombe wanane ukanywa chai isiyo na maziwa, lakini nani amwambie.

Miaka miwili alikuwa akiutafuta huo ugonjwa. Alisugua unga wa kijani kwenye vichwa vya betri. Alikaza nati, akabadilisha waya, akaongeza maji safi kwa bomba la sindano, tone kwa tone, kama anayemnywesha kichanga dawa. Wapi.

Ila mtaa ulimpenda, hilo halina ubishi. Majirani walikuwa na vipaneli vyao vya ukubwa wa sinia, naye akiwahurumia. Wao wakamlipa kwa wema. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule aliyeachiwa funguo za nyumba mzee alipolazwa hospitali, alipanda paa kila Jumamosi kumfutia vumbi paneli, bure. Mama Barafu, muuza vinywaji baridi, alimletea madumu ya maji ya betri. Watu walimwamkia, na kabla hajamaliza kusema marahaba wameshauliza betri zimeamkaje. Magoti yake yameamkaje hakuna aliyeuliza, lakini binadamu hapati vyote.

Na siku ya usafi mkubwa, inapobidi swichi kuu izimwe, kinyozi alitaka aambiwe siku mbili kabla.

"Niarifu tu, mzee wangu, nifunge duka nije nikushikie ndoo."

Kijana mwenye adabu kama huyo utampata wapi siku hizi.

Bahati mbaya betri hazina adabu. Bwana Volti alichoka. Akampigia binti yake simu: anauza kila kitu, anahamia kwake. Binti akatayarisha chumba. Mnunuzi naye akatuma fundi aje kukagua mali.

Fundi alipima betri zote nane, moja moja, akajifuta mikono.

"Betri zako ni nzima, mzee. Zinachoshwa na kazi tu."

"Kazi gani? Nina taa moja."

Fundi akaitazama taa. Akaitazama rafu ya betri. Akakohoa.

"Basi, mzee, labda mimi ndiye sijui."

Hujui kweli, Bwana Volti akasema moyoni. Cheti anacho, akili hana.

Fundi hajafika hata kona, mtaa wote umeshajaa sebuleni. Kinyozi alikaa sakafuni kama mfiwa, akifuta macho. Mama Barafu alikuwa analia waziwazi, bila aibu.

"Baba, tumekukosea nini?" aliuliza. "Ukiondoka, sisi utatuacha na nani?"

"Nyinyi hamjanikosea. Betri ndizo zimenikosea."

"Betri ni uzee tu," kinyozi akadakia. "Tutachanga tukununulie mbili mpya. Wewe usiondoke."

Bwana Volti alikuwa na hotuba nzima kuhusu ujinga wa kuchanganya betri mpya na kuukuu, ila hakuianza. Tangu mkewe afariki, hakuna mtu aliyewahi kumwambia asiondoke. Machozi yakamtoka mbele za watu, mtu mzima na mvi zake.

"Haya," akasema. "Siondoki."

Walimshika mkono mmoja mmoja, wakarudi kwenye kazi zao. Yeye akampigia mnunuzi kumwambia biashara imekufa, kisha akampigia binti yake.

"Hicho chumba wape wajukuu wangu walale. Mimi huku nina watu."

Binti akauliza, "Una uhakika, baba?"

"Wamelia, mwanangu. Watu wazima wamelia kwa ajili yangu."

Kwa furaha aliyokuwa nayo hakuweza kuketi. Akavua shati, akakoroga magadi kwenye ndoo, akatafuta brashi. Leo angezisugua betri zake hadi zing'ae kama za dukani. Alifikiria kumwita kinyozi, akaghairi. Kijana wa watu amelia vya kutosha kwa siku moja, mwache anyoe. Jua lilikuwa la utosi, dirisha liko wazi. Akashika swichi kuu, akaishusha.

Ng'ambo ya barabara, mashine ya kunyolea ikakata. Redio ya jirani wa kushoto ikaishia katikati ya neno. Friji la Mama Barafu likatetemeka mara moja, likatulia, na la nyumba ya tatu likafuata, na feni ya nyumba ya nne.

Kinyozi akatoka mlangoni na mashine mkononi, mteja nyuma yake kanyolewa nusu kichwa. Hakutazama paa lake. Alitazama moja kwa moja dirisha la Bwana Volti.

"Jamani," Mama Barafu akauliza kutoka ndani ya kibanda chake, "kwani mzee si amesema haondoki?"