Chuma cha Kichwani pa Tausi

Mkaguzi wa ndege alivua viatu kabla ya kuingia makaburini, lakini Shomvi hakulainika. Kichwani pa kaburi la mkewe, badala ya jiwe, alikuwa amesimika kipande cha panga la injini ya ndege, kile kile kilichochomoka angani kikamwangukia Tausi akianua nguo.

"Shikamoo, mzee. Tunakiomba. Tukikipima tutajua kilivunjikaje, tuzizuie ndege zingine za injini hiyo zisiruke."

Shomvi hakuitikia salamu. "Injini mliipitisha nyie wenyewe, mkasema nzima. Leo mnakuja kumpima marehemu?"

"Si marehemu, mzee. Ni chuma tu."

"Chuma tu? Ngoja umsikie."

Ndege ya mchana ikapita juu ya mji. Chuma kikaanza kutetemeka udongoni, kikalia taratibu, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Mkaguzi akarudi nyuma.

"Hiyo nayo ina injini kama ile," alinong'ona. "Na imejaa watu."

Shomvi akapiga magoti, akakikumbatia chuma kwa mikono miwili. Mkaguzi alibaki pekupeku akimtazama, asijue kama mzee anaking'oa au anazidi kukizamisha.