Nyumba ya Daktari

"Daktari wetu tunamtunza kama yai!" mwenyekiti wa zahanati alimwambia mgeni wa kaunti. "Nyumba tulishamjengea, ile pale. Hakosi kitu."

Muuguzi Kwamboka, ambaye kijiji kizima humwita daktari, alishusha pumzi. Huyu mzee, jamani! Miezi saba sasa Kwamboka amelala zahanatini, kwenye kitanda cha kujifungulia, na kila mama akija na uchungu, yeye hubeba blanketi lake akahamia benchi.

"Basi ile nyumba mpya ya muuguzi ambayo kaunti itajenga itaenda zahanati ya Nyaramba," mgeni akasema, akitoa kalamu.

"Iende tu! Si ndiyo, daktari?"

Kabla Kwamboka hajafungua mdomo, mke wa mwenyekiti akatokea mbio, ndoo mkononi.

"We mzee! Mbona umeondoka na ufunguo wa nyumba ya daktari? Ng'ombe hawajakamuliwa!"