Kilo Nane

Alivua viatu, akavua mkanda, akavua hata hereni, kisha akapanda juu ya mizani ya magunia huku amebana pumzi, kana kwamba hewa nayo ina uzito.

Mia na mbili. Palepale pa jana na juzi.

"Una roho mbaya wewe," aliiambia mizani, akashuka.

Kila asubuhi kabla ghala halijafunguliwa, karani huyu wa mizani alijipima hapohapo alipopimia nafaka za watu. Hospitali walimwambia bila kumung'unya maneno: figo yake inamfaa mdogo wake, lakini hawatampasua mpaka ashuke chini ya kilo tisini na tano. Daktari alimshauri apunguze chakula, atembee, awe na subira. Miezi kadhaa ingetosha. Miezi! Mdogo wake alikuwa akisafishwa damu kwa mashine, na kila alipotoka huko alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Subira ya miezi angeitoa wapi?

Ndipo jirani akamletea kopo la unga. Tangawizi, pilipili kichaa, chai ya kijani, na kitu kingine ambacho muuzaji alikataa kukitaja.

"Huu unachochea mwili, mwenzangu. Mafuta yanaungua hata ukiwa umelala fofofo."

Aliunywa kwa maji ya moto asubuhi, akaunywa kwa maji ya barafu jioni. Tumbo likawaka, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio. Mizani wala haikujali. Alilia nyuma ya magunia ya maharage, akajifuta kwa kanga, akaongeza kijiko.

Msimu wa kununua mahindi ulipofunguliwa, tajiri mwenye ghala alidamka kuja mwenyewe. Karani alimkuta ameiinamia mizani, bisibisi mkononi.

"Naisafisha," tajiri alisema. "Wakulima wasije wakakuta vumbi."

Karani alisubiri aondoke, akavua viatu.

Tisini na nne.

Alishuka, akapanda tena. Tisini na nne! Alipiga kigelegele, ghala zima likaitika, kisha akamtafuta mdogo wake kwenye simu.

"Jiandae. Nimeshuka!"

"Dada, acha utani. Juzi si ulikuwa unalia?"

"Unga umekubali, mdogo wangu. Ulichelewa tu kuwaka."

Mara akamsikia analia, yeye ambaye hakuwahi kutoa chozi tangu augue.

Siku hiyo hakuna aliyeweza kumuudhi, hata mkulima mmoja mzee aliyegoma kuondoa gunia lake mizanini.

"Mwanangu, nyumbani lilikuwa mia kamili. Hapa unaniambia tisini na mbili. Kilo zangu nane zimeenda wapi?"

"Mahindi yakikauka hupungua, mzee wangu. Hata mimi nimepungua, huoni?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na karani akacheka kuliko wote. Mzee alimtazama juu mpaka chini.

"Sioni," alisema, akaburuta gunia lake.

Karani aliwaapia waliobaki kwamba mizani ile haijawahi kumwonea mtu. Aliapa kwa moyo mweupe kabisa.

Kesho yake ndugu hao wawili walikwenda hospitali pamoja. Mdogo mtu alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jipya. Alikaa kwenye benchi, mfuko wa nguo za kulazwa magotini, akimtabasamia kila aliyepita. Karani alivua viatu kwa madaha, akapanda mizani ya nesi bila hata kubana pumzi.

Nesi akasoma. Akamwomba ashuke, apande tena. Akasoma mara ya pili.

"Mia na mbili, dada. Hujapungua hata kidogo."

Kwenye benchi, mdogo wake aliacha kutabasamu. Alimtazama tu dada yake, akisubiri aseme lolote.

"Haiwezekani!" karani alifoka. "Mizani yenu inanionea! Nilipima mwenyewe, tisini na nne! Kilo zangu nane zimeenda…"

Maneno hayo aliyasikia jana ghalani, akayacheka.