Sukari ya Fundi

Haya alinisimulia juzi jirani yangu, mke wa fundi cherehani.

Tangu kiharusi, mumewe alibaki na maneno mojamoja, kama vipande visivyoshonwa. Kila chai ya jioni akisema "Sukari," mke humwongezea kijiko. Mume akikunja uso, mke huhofu akili nayo imekwenda.

"Usimmalizie usemi, mama," muuguzi aliyekuja siku moja kumtazama mgonjwa akamwambia. "Maneno anayo, kuyaunga ndiko kunamshinda. Msubiri."

Jioni hiyo mke akajibana ulimi kwa meno.

"Sukari," mume akaanza, jasho likimtoka. "Sukari... mke... nyingi... basi!"

Kumbe miezi mitatu amemnywesha shira!

"Ee Mungu, asante! Mzee yumo, na ukorofi wake!" Mke akacheka mpaka machozi.

Mume naye akacheka upande mmoja wa mdomo, akasinzia. Mke akamshika mkono, na yeye pia usingizi ukamchukua palepale kitini.