Shimo la Ng'ombe

Abner alikuwa akichimba shimo la kumficha ng'ombe.

Alikuwa ameanza jana, migombani nyuma ya nyumba, na sasa ukingo ulimfika kifuani. Mkewe, Bonareri, alisimama juu yake na kibuyu cha maziwa mkononi, akimtazama kama mtu anavyomtazama mlevi anayetafuta njia ya kwake.

"Baba Mokeira, ng'ombe haingii shimoni kwa hiari."

"Wajerumani wakifika utanishukuru."

"Wamefika wapi?"

"Karibu."

Mwaka huo wa arubaini na mbili Wajerumani walikuwa karibu kila siku, tangu Abner alipoanza kusikiliza redio. Jioni alishuka Ogembo hadi baraza ya duka la Shariff, na wanaume wa kijiji wakamfuata, kwa kuwa yeye alisoma misheni na alisifika kwa Kiswahili. Wao Kiswahili chao kilikuwa cha "njoo" na "lete". Redio, Abner aliwaambia, husema Kiswahili cha pwani, kizito, si cha kila mtu. Nani angekubali kwamba hakuelewa? Waliitikia kwa vichwa, na njiani wakirudi Abner aliwafasiria kwa Kikisii. Ile sauti nzito ni ya jemadari wa Wajerumani. Ile nyembamba ni ya mateka anayeomba asiuawe.

Na faida ya ujuzi huo? Abner hakulala. Aliamka kusikiliza mbwa. Ugali wa wimbi aliuacha sahanini, suruali ikataka kamba. Lakini jua likianza kuinama hakutulia, mpaka ashuke akaongezewe hofu. Bonareri alimwomba aache kusikiliza juma moja tu. Alijibiwa kwamba mwanamke hajui dunia. Debe tupu haliachi kuvuma, Bonareri aliwaza, na lake sasa limeshika jembe.

Huko barazani kitu kimoja tu kilimuudhi Abner: watoto wa Shariff. Waliitwa kutoka ndani wakaketi mbele kabisa, na mateka alipolia wao walicheka.

"Watoto wa sokoni hawana utu," alisema.

Bonareri alikuwa na ng'ombe huyo mmoja. Kitinda mimba wao, Nyangate, alikuwa ametoka kuugua, na kila alichopewa alikitapika isipokuwa maziwa. Kwa ajili yake Bonareri alipiga magoti penye lile shimo, akamsihi mumewe amwache ng'ombe. Abner alimkumbusha kwamba mwaka wa kumi na nne Wajerumani walifika Kisii kweli, na ng'ombe wa baba yake hawakuonekana tena. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alasiri Abner na wenzake walimfunga ng'ombe kamba, wakamvuta. Mnyama alikataa, akateleza, akaanguka shimoni kwa uzito wake wote. Mguu ulivunjika. Ikabidi achinjwe mle mle.

"Afadhali tumle sisi," Abner alisema. Alinawa mikono, akaangalia jua. Saa ya redio ilikuwa imefika.

Safari hii Bonareri alimfuata. Hakulia, hasira ilikuwa imekausha machozi. Alitaka kuwasikia kwa masikio yake hao waliomnyang'anya mtoto wake maziwa. Alimkuta Abner barazani na wenzake, watoto wakiwa mbele kama kawaida, akaketi nyuma karibu na mke wa Shariff, Kaltuma, aliyekuwa akimbembeleza mtoto wake mchanga. Kaltuma alijua Kikisii. Alikuwa amekiokota kidogo kidogo kwa kuwauzia watu chumvi.

Redio ilinguruma. Kisha ikalia kwa sauti nyembamba, na kitu kikaanguka kwa kishindo. Abner alishika kichwa.

"Tumekwisha," aliwanong'oneza wenzake. "Wamevuka mto."

Mzee mmoja alifumba macho akaanza kusali. Watoto wa Shariff walicheka mpaka wakaegemeana.

"Mama Salat," Bonareri aliuliza, "ni mto gani huo waliovuka?"

"Nani?"

"Wajerumani. Si redio inatoa habari za vita?"

Kaltuma alimhamishia mtoto bega la pili.

"Habari za vita baba Salat huzisikiliza asubuhi, mama Mokeira. Hii ni Kairo, inasema Kiarabu. Ni saa ya hadithi za watoto." Akatega sikio kidogo, akatabasamu. "Sasa fisi kachimba shimo la kumnasa sungura, katumbukia mwenyewe."