Swali la Nguchiro

Hapo wanyama walipoanza kuchimba bwawa, kila mfanyakazi alitakiwa kutia saini kanuni za maadili: ni marufuku kuwagusa watoto wa wenyeji, vifaranga wakiwemo. Punda alitia saini bila kusoma. Kima naye vivyo hivyo. Nguchiro peke yake alisoma mstari kwa mstari, na wote wakamsifu, isipokuwa Mama Kanga, karani wa ajira. Mbona anasoma sana huyu?

“Mama, nina kaswali kadogo,” Nguchiro akasema kwa upole. “Humu wametajwa vifaranga. Mayai je?”

Manyoya yakamsisimka Kanga. Kumbe muda wote huo alikuwa anatafuta upenyo!

“Umeuliza vizuri, baba,” akajibu. Akashika kalamu, akaongeza neno moja, akafuta jina moja.

“Haya. Mayai yameingia. Wewe umetoka.”