Mti wa Mpakani

Hasira ndiyo iliyomponza Mwajabu. Kila aliposikia shoka la jirani yake Nyamizi ng'ambo ya mpaka, alizidisha lake, mpaka akajikuta amefunga mzigo wa kuni mkubwa ajabu, tena ameufunga chini, bila kuuegemeza popote. Mzigo wa namna hiyo mtu hajitwiki peke yake. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu ngata ilimtoka kichwani, ikabingirika hadi kwenye mti wa mpakani, ule waliougombania tangu masika, wakanyimana salamu kwa ajili yake.

Nyamizi alikuwa ndiyo kwanza afike hapo, na kuni zake kichwani.

"Huo ni mzigo wa watu wawili, Mama Tunu."

"Msitu ni wangu. Nafunga nitakavyo."

"Sijauliza msitu ni wa nani."

Nyamizi akatua kuni zake, akazisimamisha wima zikiegemea mti ule. Akaokota ngata, akaikung'uta mchanga.

"Haya, piga magoti."

Mwajabu alisita, kisha akapiga magoti. Mzigo ukapanda kichwani, shingo ikakaza. Nyamizi naye akainama mtini, akajitwika wa kwake bila taabu.

Mwajabu alitangulia. Kwa uzito ule hakuweza kugeuka kutazama nyuma. Walipofika njia panda alitega masikio. Hatua za Nyamizi hazikukata kwenda kwake. Zilikuja nyuma yake, naye akapunguza mwendo.